Fulana Yangu Mwilini mwa Bosire

Jumanne, 7 Agosti 1934

Dresa, tabibu wa shamba, amenikataza kusoma na kuandika. Naandika.

Kichwa kinagonga. Macho hayataki mwanga. Tangu Jumamosi nimelala chumbani, gunia limetundikwa dirishani, na mke wangu Beldina ananyata kana kwamba kuna maiti ndani. Acha niweke sawa jinsi ilivyotokea, maana huko kiwandani wanasimulia uongo.

Jumamosi nilikuwa stoo ya kiwanda, kazini kwangu, nikiandika jina la shamba kwa rangi nyeusi kwenye masanduku ya chai. Masanduku yalikuwa yamepangwa juu kunipita. Nikapanda. Kwa nini? Kukagua. Ni kweli kwamba kule juu pana kidirisha. Ni kweli pia kwamba ukichungulia kidirishani unauona uwanja wa mpira, na kwamba Bosire alikuwa uwanjani akifanya mazoezi ya mbio, na kwamba Beldina alikuwa anapita na debe la maji kichwani. Nilitaka kujua tu kama atasimama kumtazama.

Alisimama! Nikainama zaidi nione atasimama mpaka lini. Sanduku likateleza, mimi nikalifuata, na sanduku jingine likanifuata mimi. Likanipata kisogoni.

Wanasema nilipozinduka swali langu la kwanza lilikuwa kama bado amesimama. Sikumbuki.

Dresa wa dispensari ya shamba, arap Mosonik, anasema ubongo umetikisika ndani ya fuvu. Dawa yake ni kupumzika. Hakuna kazi, hakuna kuinua kitu, hakuna kubishana. Na hakuna kukimbia. Nikamkumbusha kwamba michezo ya mashamba ni tarehe ishirini na tano mwezi huu huu, na kwamba mkimbiaji wa maili moja wa shamba hili, kwa miaka miwili sasa, ni mimi, Kepher Amolo. Akasema mwakani kutakuwa na michezo mingine. Ni rahisi kwake kusema. Yeye hukimbia akinyeshewa tu.

Alhamisi, 9 Agosti

Nyapara alikuja kunitazama. Nilidhani ameniletea pole. Kumbe amefuata fulana.

Fulana hiyo ni nyekundu, ya sufu nzito, na shamba zima lina moja tu. Anayeivaa ndiye anayekimbia, na ndiye anayetangulia maandamano siku ya michezo mbele ya Bwana mwenye shamba na wageni wote. Nimekuwa nikiilalia, iko chini ya mto. Beldina aliivuta chini ya kichwa changu taratibu ili nisitikisike, akampa nyapara. Nyapara akampa Bosire. Mlangoni pangu! Mbele ya macho yangu, mabovu lakini bado yanaona!

Huyu Bosire huchochea moto wa mtambo kiwandani. Mtu wa milima ya Kisii, hajaoa, meno yake yote yapo, na ana ile tabia mbaya ya kuwa mpole. Alichutama kando ya kitanda akaniambia anaishika tu, nikipona ataileta. Akaacha kibuyu cha maziwa. Nilitaka kumrushia hicho kibuyu, lakini dresa amekataza kuinua kitu.

Alipoondoka Beldina alisema Bosire ana moyo mzuri. Nikamwuliza ameujuaje moyo wake. Akanyamaza. Kunyamaza huko nimekutia maanani.

Maziwa nimekunywa. Yalikuwa mazuri, jambo ambalo limeniudhi zaidi.

Jumapili, 12 Agosti

Nafuu. Kichwa kinauma jioni tu.

Dresa alipita kunieleza mpango wake wa kunirudisha mbioni. Anauita ngazi. Kwanza kulala. Kichwa kikinyamaza, nitembee hadi bombani na kurudi. Kikinyamaza tena, nitembee kwa haraka kidogo. Halafu kazi nyepesi, halafu kukimbia kidogo, halafu ndiyo kukimbia kwenyewe. Kichwa kikianza kelele, nasimama papo hapo, na kesho yake nashuka ngazi moja. Mwenye kuruka ngazi anarudi chini kabisa, alisema.

"Bole bole, Kepher," alinionya kwa lafudhi ya kwao. "Hiki kichwa huna kingine."

Nimepiga hesabu. Kwa ngazi zake nitakimbia mwezi wa tisa. Kwa ngazi zangu, kesho kutwa.

Mchana nilitembea hadi bombani kama nilivyoagizwa. Bosire alikuwa huko, ameivaa. Jumapili! Fulana ya mbio, bombani, katikati ya wanawake! Eti anaizoeza mwili. Nyatichi, anayechuma chai upande wetu na ambaye mdomo wake hauna likizo, alimwambia rangi nyekundu imemkaa. Mimi nimeivaa michezo miwili na hakuna mwanamke aliyesema rangi yoyote imenikaa.

Nilirudi nyumbani haraka kuliko nilivyoruhusiwa. Kichwa kikaanza. Sikumwambia mtu.

Jumanne, 14 Agosti

Nilitoka alfajiri, ukungu ukiwa bado umekaa juu ya majani ya chai. Nikamwambia Beldina nakwenda msalani. Nikaingia njia ya katikati ya chai, mahali ambapo hakuna macho, nikaanza kukimbia.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Miguu ilikumbuka kila kitu. Nikamwona Bosire akilini, nikampita, nikampita tena kwa raha zangu. Nilipokaribia mfereji, nikaona mifereji miwili. Nikauruka ule ambao haukuwepo.

Nilipofumbua macho wachumaji walikuwa wamenizunguka na vikapu mgongoni. Nilitapika karibu na miguu ya Nyatichi. Aliuliza kwa nini msala wangu umehamia mbali namna hii.

Dresa hakunifokea. Alinishika kichwa, akanitazama mboni moja, akanitazama ya pili, akasema niko chini ya ngazi, kwenye udongo. Nianze tena kulala. Beldina alisimama nyuma yake na mtoto wetu Phelix mgongoni, na uso wake sikuupenda. Ulikuwa uso wa mtu anayeogopa. Nikamwambia niliteleza.

Ijumaa, 17 Agosti

Nyapara ameleta fulana nyumbani kwangu ifuliwe kwa ajili ya michezo. Eti Beldina ameizoea, anajua sufu inafuliwa kwa maji baridi.

Mke wangu. Anafua. Fulana ya Bosire. Ndani ya karai langu.

Aliiloweka akaenda shambani kuchuma mboga. Nikabaki peke yangu na wazo. Sufu ikichemshwa, hunywea. Fulana ikinywea, haimwingii mtu aliyezaliwa na kifua kama kile. Mtu asiye na fulana hatangulii maandamano. Halafu nani mwenye mwili mwembamba shamba zima? Mimi!

Nikaitia kwenye sufuria kubwa, nikachochea kuni mpaka maji yakaruka. Ili isionekane kama hila, nikatia na shati langu jeupe la kanisani, na bukta yangu, na kitambaa cha meza alichodarizi Beldina kabla hatujaoana.

Fulana imenywea vizuri sana. Lakini rangi yake ilitoka kutembea. Shati langu la kanisani sasa lina rangi ya fizi. Bukta pia. Kitambaa sitaki kukizungumzia. Beldina aliporudi nilimwambia nilitaka kumsaidia kazi. Alikiinua kitambaa, akakitazama mbele na nyuma, akaenda kukianika.

Jumamosi, 18 Agosti

Bosire aliijaribu fulana leo uwanjani. Nilijikokota hadi pale ili nione aibu yake.

Iliingia. Sijui kwa nguvu gani, lakini iliingia. Imembana kifuani, imembana mabegani, na imeishia juu ya kitovu. Nikangoja wacheke. Hawakucheka. Wanawake waliokuwa wanapita walinyamaza kwanza, halafu Nyatichi akasahau kikapu chake njiani akarudi kukichukua mara mbili. Bosire alisema sasa mikono iko huru na anakimbia vizuri zaidi, akaomba nimshukuru Beldina kwa niaba yake.

Beldina alikuwa kando yangu. Alitazama chini. Mtu hatazami chini kwa bidii namna ile bila sababu.

Nina wivu. Nauandika hapa kwa kuwa hapa hapana mtu. Usiku ndipo unapozidi. Sioni wivu wa fulana tu. Naionea wivu miguu yake, usingizi wake, na hata kile kitendo cha kuinama afunge kiatu bila dunia kuzunguka.

Jumatatu, 20 Agosti

Ushindi!

Nilikwenda dispensari nikazungumza kiume. Nikamwambia arap Mosonik bila kuzunguka kwamba nataka shindano. Akasema ugonjwa wangu hautibiwi hivyo. Nikasema wenzangu wanapata, kwa nini mimi ninyimwe. Akauliza nani amepata. Nikasema Bosire. Alishtuka sana. Akauliza Bosire amepewa na nani. Nikasema na nyapara, mbele yangu, nyumbani kwangu. Dresa akasimama kabisa, akasema nyapara hana ruhusa ya kufanya hivyo. Nikasema hata mimi nimeshangaa!

Akaniuliza kama siogopi maumivu. Nikasema nimeshavumilia mara mbili na watu walipiga makofi. Akanikazia macho. Akaniuliza kama niko tayari kuvua suruali. Nikamjibu kwamba kazi hiyo hufanywa kwa bukta, kila mtu anajua. Mwishowe akachoka. Akasema sawa, moja tu, roho yangu itulie, lakini nisidhani itaniponya kichwa. Nije Jumatano asubuhi kabla ya kula.

Jumatano si Jumamosi, lakini nimeelewa. Anataka kunijaribu kwanza mbele yake. Mtu mwerevu. Nilikuwa nimemdharau bure.

Jumatano, 22 Agosti

Siwezi kukaa. Naandika nimesimama.

Nilifika dispensari mapema, na bukta yangu ya rangi ya fizi, nikawa naruka-ruka mlangoni kupasha miguu moto. Dresa aliniambia nitulie, niingie, niiname. Nikainama namna ya mkimbiaji anayengoja filimbi. Akaniambia niishushe bukta. Nikauliza mbio gani hizi. Hapo ndipo nilipochomwa.

Kinini, ile dawa ya malaria! Sindano ndefu, ya tako la kushoto!

Niseme ukweli kuhusu hii herufi. Mimi ni mtu wa ziwani, yeye ni Mkipsigis, na ile "sh" hatukuzaliwa nayo, si mimi si yeye. Vinywani mwetu shindano na sindano ni kitu kimoja. Kwenye karatasi naiandika vizuri sana, mwalimu wa misheni alinisifu. Laiti ningemwandikia!

Mambo hayakuishia hapo. Dresa alimwendea nyapara kumwuliza kwa nini anawachoma watu sindano majumbani. Nyapara, ambaye hajawahi kushika sindano hata ya kushonea, alipandisha hasira mpaka sauti ikasikika kiwandani. Akaitwa Bosire. Bosire akavuliwa bukta na kukaguliwa pande zote, itafutwe alama. Hiyo ndiyo habari njema pekee ya wiki hii.

Kisha likabainika neno nililolisema, na laini zote za nyumba za wafanyakazi zikacheka. Nikipita wananiuliza kama nimeshinda au nimechomwa. Beldina naye alicheka. Alicheka hadi akafuta machozi, na mimi, nimesimama pale na tako linawaka, nilifurahi kumwona anacheka. Halafu nikakumbuka kwamba Bosire pia alikuwa pale, na nikaacha kufurahi.

Ijumaa, 24 Agosti

Nyapara amenipa kazi ya kesho. Nitasimama kwenye kona ya mwisho ya uwanja na bendera, kuwaonyesha wakimbiaji njia. Dresa amekubali, kwa sharti kwamba nisimame tu. Alirudia hilo neno mara kadhaa, kisha akanitaka nilirudie mimi.

Jioni mvua ilipokatika nilimwuliza Beldina, kama mtu anayeuliza habari za posho, kama kesho atakwenda kumtazama Bosire. Aliacha kuchambua omena, dagaa wa kwetu. Akasema:

"Baba Phelix, mimi sikuolewa na fulana. Hicho kichwa kikiharibika, mimi na mtoto tunarudi kwa nani?"

Nilimsaidia kuchambua omena. Mama yake alifiwa na mume akiwa na watoto wadogo, huyo Beldina mmoja wao, na najua walivyohangaika. Nikamwahidi kwamba kesho sitainua mguu hata mara moja. Nilimwahidi kwa moyo wangu wote.

Jumapili, 26 Agosti

Nimelala tena. Acha niweke sawa jinsi ilivyotokea.

Watu walikuja kutoka Sosiot, kutoka Litein, wengine mpaka Bomet. Bosire alitangulia maandamano na kitovu nje. Nikavumilia. Nikasimama kwenye kona yangu na bendera yangu. Mzunguko wa kwanza nilisimama. Wa pili nilisimama. Wa tatu Bosire alishika uongozi, na nilisimama, ingawa bendera ilikuwa inatikisika. Mzunguko wa mwisho alikuja peke yake, wenzake mbali nyuma, nyekundu imembana. Na kutoka upande wa wanawake kikapanda kigelegele. Nakijua kigelegele kile. Ni cha Beldina. Kilikuwa changu.

Bendera sijui niliitupa wapi.

Nilimfikia! Ninaapa nilimfikia, na viatu vya kazini, na tako bado linauma. Kwa hatua chache tulikuwa bega kwa bega. Akageuza uso. "Ndugu yangu, rudi," alisema. "Kichwa." Nilitaka kumjibu vikali. Kisha uwanja ukainuka upande mmoja.

Yaliyofuata nimesimuliwa. Bosire alisimama. Kamba ya mwisho ilikuwa pale mbele, angeigusa kwa kukohoa. Alirudi, akanichukua mgongoni, akaanza kutembea polepole nisitikisike, dresa akikimbia kando na kumwambia bole bole. Mashamba yote yalitupita, hata yule kijana wa Sosiot mwenye kifua kibovu. Fulana ilipasuka kuanzia shingoni hadi chini. Tulivuka kamba tukiwa wa mwisho, na watu walisimama wote, na Bwana akavua kofia. Beldina alilia. Akamshika Bosire mkono, halafu akanishika mimi. Kwa mpangilio huo.

Dresa anasema nina bahati niliangukia majani. Kisogo kingepigwa tena asingekuwa na la kufanya. Sasa ni mwezi mzima wa kulala, na ngazi naanzia chini, na safari hii Beldina ndiye atakayezishika hizo ngazi. Ananilisha uji kwa kijiko, na machozi yanamdondoka humo humo. Nayaona. Yananiumiza kuliko kichwa.

Mchana Bosire alikuja kunijulia hali. Blanketi la mshindi limekwenda shamba jingine, na hata hakulitaja. Alileta maziwa. Nilimwambia asante, na safari hii niliisema kutoka moyoni. Akanishikia kikombe ninywe. Kwa muda wa kikombe kizima sikumwonea wivu.

Kikombe kilipokwisha nikaanza kufikiri.

Nyapara ametangaza kwamba wa mwisho ni Bosire, na kwamba mimi si chochote kwa sababu sikuandikishwa. Hapo pana dhuluma. Alinibeba mgongoni. Alikuwa ameinama. Kichwa changu kilikuwa kimelala juu ya bega lake, na kwa maelezo ya watu kilikuwa kinaning'inia mbele ya pua yake. Nilimwita Nyatichi, ambaye alikuwa ameshika ncha moja ya kamba, nikamwuliza kwa utaratibu kitu gani kiligusa kamba kwanza. Alifikiri. Akasema ni kichwa changu.

Kichwa changu! Basi mimi nilivuka kabla yake. Nimemshinda Bosire, tena nikiwa nimezirai!

Bwana ndiye mwenye kuamua, na nyumba yake iko juu kabisa ya mlima. Kesho asubuhi Beldina atakwenda bombani, na Jumatatu foleni huwa ndefu. Nikikimbia njia nzima, nitakuwa nimerudi kitandani kabla hajafika.